Sikio la Kuazima

Masika, mwanangu,

Umetoka kwenda kuaga kwa shangazi zako wa Keshero, na ninawajua, watakukalisha mpaka jua lishuke. Kwa hiyo nina muda. Mfuko wako nimeshaufunga. Sitakuandikia habari za blanketi, wala za maji ya kuchemsha, wala za wanaume wa kisiwani; hayo nimekuambia wiki nzima mpaka ukaanza kunijibu kabla sijamaliza. Kesho asubuhi unapanda boti pale Kituku kwenda Idjwi, kufanya kazi ambayo mimi niliifanya kabla yako: kupima masikio ya watoto wachanga kwa simu. Barua hii ni juu ya kazi hiyo na jinsi nilivyoiharibu.

Mama mwingine angekuandikia baraka. Wewe ulinipata mimi.

Unakumbuka juzi. Ulileta nyumbani ile simu mliyopewa kwenye mafunzo, ukaniomba nikutazame unavyofanya. Tukaenda kwa jirani, Mama Gentille, aliyejifungua wiki iliyopita. Ukanawa mikono, ukachomeka waya, ukaingiza ile ncha ya mpira laini katika sikio la mtoto, taratibu, vizuri kuliko nilivyowahi kufanya mimi. Simu ikaonyesha rangi ya machungwa: arudiwe. Ukajaribu tena, ikaonyesha machungwa tena, maana mtoto alikuwa anaguna na redio ya nyumba ya pili ilikuwa inapiga kelele. Hapo mdomo wangu ukasema, bila mimi kuutuma:

“Tafuta mwingine, umupime yeye.”

Ukageuka ukanitazama. “Mwingine namna gani, mama? Ni huyu njo tunapima.”

Nikasema nimechoka, nikarudi nyumbani peke yangu. Uliporudi hukuniuliza kitu. Hilo ndilo lililoniuma. Nimekulea kwa ukali mpaka umejifunza wakati wa kutoniuliza, na sasa lazima nikujibu swali ambalo hukuuliza.

Wakati simu zile zilipofika kwetu, kwenye ile maternite, wodi ndogo ya wazazi ya Majengo, wewe ulikuwa bado unavaa yunifomu ya shule. Walikuja watu wa mradi na sanduku moja. Kabla ya hapo kupima sikio la mtoto mchanga kulihitaji mashine ambayo mimi, muuguzi wa miaka yote ile, sikuwahi kuiona kwa macho yangu. Sasa wakatuwekea mkononi simu ya kawaida na kidude kilichounganishwa kwa waya. Kidude kinapeleka milio midogo midogo ndani ya sikio. Sikio zima linajibu kwa mlio wake lenyewe, mdogo mno, ambao mtu hawezi kuusikia, ila simu inausikia. Nilipoambiwa hivyo mara ya kwanza nilijishika sikio langu. Nilikuwa sijui kwamba linajibu.

Kijani: sikio limejibu. Machungwa: halijajibu, mtoto arudishwe baada ya siku chache, maana mara nyingi ni maji ya uzazi tu yamebaki ndani. Ikitoka machungwa tena, apelekwe kwa daktari wa masikio. Unayajua haya kuliko mimi. Machungwa haisemi kwamba mtoto ni kiziwi. Machungwa inasema: bado hatujui. Ndiyo kazi yote niliyopewa, mwanangu, kumtazama mama machoni na kumwambia bado hatujui. Maneno mawili, na yalinishinda.

Yalinishinda kwa sababu ya kelele, ndivyo nilivyojiambia. Majengo unayajua. Upande mmoja kinu cha unga, upande mwingine kanisa lenye vipaza sauti kila siku ya juma, na pikipiki zinapita dirishani kama zinaingia ndani. Mtoto analala dakika mbili, pikipiki inapita, anaamka, simu inatoa machungwa. Wamama wamefunga vitu vyao, wakwe wamesimama mlangoni wanangoja. Ukimwambia mama arudi siku ya nne, anaanza kulia pale pale, na mkwe anauliza mtoto wetu ana kasoro gani.

Lakini kelele hazikuandika kwenye rejista. Mimi ndiye niliandika. Kila mwisho wa mwezi alikuja msimamizi wa mradi, akafungua rejista yetu, akaona kijani, kijani, kijani, akasema, “Vizuri sana, mama.” Hakuniambia nidanganye hata siku moja. Alinisifu tu mbele ya wenzangu, akanisimamisha kama mfano wa kuigwa, na mimi nilipenda kusimamishwa. Nilikuwa na umri wa mama mtu mzima na nilikuwa na kiu ya sifa kama mtoto wa darasa la kwanza.

Basi tukapata njia yetu. Sitakudanganya kwamba ni mimi peke yangu, na sitakwambia wengine ni nani. Katika kila chumba huwa kuna mtoto mmoja mtulivu, anayelala kama jiwe, mama yake amepasuliwa na atakaa siku kadhaa. Sikio lake linajibu kila mara. Ukishindwa na mtoto anayelia, unaandika jina la yule anayelia kwenye simu, unaenda kwenye kitanda cha yule mtulivu, unaweka kidude kwenye sikio lake, inatoka kijani. Tuliita kuazimisha sikio. “Dada, huyu ananisumbua, niazimishe sikio.” Tulicheka tukisema hivyo. Kuna mtoto mmoja wa kike, nadhani alipimwa kwa majina kumi na zaidi kabla hajatoka maternite. Nilimpenda. Nilimwita mwanafunzi wangu bora.

Sasa njoo kwa Ansima.

Mama yako mudogo Kavira aliolewa na mtu wa Idjwi, na sisi nyumbani Butembo hatukulipokea vizuri. Nilikuwa wa kwanza kulipinga. Nilisema maneno juu ya familia ile ambayo sitayarudia hapa. Kwa hiyo alipokuja kujifungulia kwangu, na mama mkwe wake akaja naye kutoka kisiwani, yule bibi tuliyemwita Koko Nabintu, mwembamba, mwenye kitambaa cha bluu, nilitaka kila kitu kitoke safi. Nilitaka yule mzee aone tunafanyaje kazi sisi.

Siku ya pili nikampima Ansima. Sikio la kulia machungwa, la kushoto machungwa. Nikarudia mchana, chumba kimetulia, mtoto amelala fofofo, hakuna kisingizio. Machungwa, machungwa. Kavira alikuwa ameshika ukingo wa kitanda.

“Dada, simu inasema nini?”

Na Koko Nabintu naye, amekaa chini kwenye kitenge chake: “Kile kisimu kinasema nini, mama wa hopitali?”

Ningesema bado hatujui. Ningesema njooni siku ya nne. Kitanda cha tatu kutoka pale alilala mtoto mtulivu wa mwanamke mmoja wa Rutshuru. Nikasema naenda kubadilisha kidude. Nikamgeuzia mgongo mdogo wangu, tumbo moja, ziwa moja, nikaazima sikio. Kijani. Sikio la pili, kijani. Nikaandika kwenye fishi, ile kadi ya mtoto, kwa mwandiko wangu mzuri: masikio yote mawili yanasikia. Nikapiga muhuri. Koko Nabintu akainuka kutoka chini, akanishika mikono yote miwili, akasema, “Aksanti, aksanti mingi, Mungu akubariki.” Nikamwachia mikono anishike. Nilijiambia nitampima tena mtoto mwenyewe, kimya kimya, nyumbani. Sikumpima. Nilikuwa naogopa kujua.

Aliyempima ni Koko Nabintu.

Mtoto alipokuwa na miezi minne hivi, baba yake naye ameshahamia na wote wanaishi karibu nasi, yule bibi alianza kukaa nyuma yake na kugonga sufuria kwa mwiko. Anagonga kulia, anatazama kichwa. Anagonga kushoto, anatazama. Anangoja mtoto alale, anagonga karibu na sikio, anatazama kope. Kila asubuhi. Sisi sote tulimwona, wewe ulimwiga mara moja mezani tukacheka mpaka machozi. Siku moja akaja kwangu, akaniambia polepole, kwa heshima:

“Mama wa hopitali, huyu mutoto hasikie. Mi nimelea batoto saba. Huyu hasikie.”

“Koko, mimi nilisomea,” nikamjibu. “Wewe ulisomea wapi? Na masufuria?”

Akaomba radhi. Masika, mwanamke aliyekuwa anasema kweli aliniomba radhi mimi, na mimi nikaikubali.

Hakuwa na simu wala kidude. Alikuwa na sufuria, mwiko na macho, na hakuazima sikio la mtu. Kama kulikuwa na mpimaji katika nyumba yetu, alikuwa yeye.

Yaliyofuata uliyaona, lakini hukujua unatazama nini. Ansima akafika mwaka, akafika miwili, hasemi. Hageuki akiitwa. Watu wakaanza kunong'ona kwamba ni kiziwi, na kila aliyenong'ona nilimfunga mdomo: nilimpima mimi mwenyewe, fishi ipo. Nilipewa neno la mwisho kwa sababu ya koti langu jeupe. Kavira akaenda chumba cha maombi kule juu ya barabara, akabeba fishi ile kwenye Biblia yake. Yule wa kuombea akaisoma. Akauliza: mtoto huyu alizaliwa anasikia, muhuri huu hapa, sasa nani alifunga masikio yake? Nani alikuwa anakaa karibu na kichwa chake?

Na wote wakakumbuka sufuria.

Ndivyo ilivyokuwa. Kama nisingeandika fishi ile, Ansima angekuwa mtoto aliyezaliwa kiziwi, jambo linalotokea, ambalo halina mwenye kosa. Fishi yangu ndiyo iliyofanya uziwi wake uwe na mwanzo, na kitu kikiwa na mwanzo watu wanatafuta aliyekianza. Walimpata haraka. Mgeni, mtu wa kisiwani, mwanamke mzee aliyekuwa anagonga vyombo nyuma ya kichwa cha mtoto mchanga kila asubuhi. Hata mimi, kama ningekuwa sijui, ningeamini.

Ile Jumamosi ulikuwepo. Papa Ansima mwenyewe ndiye aliyetoa mfuko wa mama yake nje, akautupa kwenye mawe ya ua. Majirani walikuwa wamejaa hadi kwenye njia. Mtu mmoja alirusha jiwe, la lile lava letu jeusi lenye meno, likampata juu ya jicho. Koko Nabintu hakulia. Alinitafuta mimi kwa macho katika kundi lile lote, akaniona, akasema:

“Mama wa hopitali, sema wewe. Wewe unajua ile karatasi. Basi sema.”

Alikuwa hajui ninajua nini. Alidhani tu kwamba msomi atamtetea. Watu wakanyamaza wote wakaningoja. Sijawahi kupata ukimya kama ule Majengo, ukimya ambao nilikuwa nikiulilia kila siku kazini. Nikasema:

“Karatasi inasema mutoto alizaliwa anasikia.”

Hayo tu. Sikusema mchawi. Nilijipongeza baadaye kwa kutosema mchawi.

Akaondoka bila viatu, damu imeingia kwenye kitambaa cha bluu. Wewe ukakimbia ndani, ukachukua kandambili zake, ukamfuata njiani ukampa. Uliporudi nilikupiga kofi mbele ya watu wote. Uliniuliza, “Nimefanya nini?” Sikukujibu. Nakujibu leo: ulifanya kile ambacho mimi nilipaswa kufanya, na nilikuchukia kwa dakika ile. Kofi lile nilipiga nikiwa na akili timamu. Sikuombi unisamehe, kwa sababu najua ungenisamehe upesi, na mimi nimezoea sana kupewa vitu upesi.

Ungedhani hapo niliacha kuwa mbaya. Sikuacha. Miezi michache baadaye Ansima alitoka nje ya ua, akaingia barabarani, na chukudu, ile baiskeli ya mbao, ilikuwa inateremka na mzigo wa mkaa, kijana juu yake anapiga mayowe watu wapishe. Nikamwita Ansima kwa sauti yangu yote. Nilikuwa najua hanisikii. Hakuna mtu duniani aliyejua vizuri kuliko mimi. Lakini watu walikuwa wanatazama, na mtoto ambaye fishi yake inasema anasikia, akiitwa asije, ni mkaidi. Kijana akaiangusha chukudu upande, mkaa ukamwagika, mtoto akabaki mzima. Nami nikavunja kijiti cha ua na kumchapa miguuni mpaka Mama Gentille akanishika mkono. Nilimchapa ili uongo wangu uendelee kusimama. Alikuwa hana miaka mitatu.

Umeona ishara anazotumia. Hakuna aliyemfundisha, anajitungia mwenyewe. Wewe anakuita kwa kujishika shavu, kwa sababu ya kile kishimo chako. Mama yake anamwita kwa kugusa kifua. Mimi ananiita hivi: anainua mkono, anaushusha kwa nguvu. Ulidhani ni kuaga kwa mkono, ukanionyesha ukifurahi. Ni fimbo. Ndilo jina langu kwake, na atakapokuwa mtu mzima na mtu akimuuliza dada ya mama yake alikuwa nani, atainua mkono ule.

Sasa ana miaka minne kamili. Kwenye mafunzo wamekwambia, nami niliambiwa: mtoto akigunduliwa mapema, kabla ya miezi sita, kuna mengi ya kufanya. Kifaa cha kumsaidia. Lugha ya mikono ya watu wazima, mama na mtoto wakijifunza pamoja. Nilimnyima miezi ile, kisha miaka, na hairudishwi. Mwezi uliopita nilimpeleka kwa daktari wa masikio bila kumwambia mtu. Alimpima kwa muda mrefu, akaniuliza kwa nini tumechelewa hivi. Nikasema hatukujua. Unaona? Hata pale, mbele ya mtu asiyenijua, nilidanganya.

Leo asubuhi baada ya misa nilienda kwa Kavira. Baba yako, ambaye yuko Butembo na biashara zake, bado hajui, nitamwambia akirudi. Nilitaka kuanza na mdogo wangu. Nilikuwa nimejiandaa kupigwa. Nilitamani, nikuambie kweli, anipige, anivue kitenge njiani, apige kelele majirani waje. Nikamsimulia yote, kitanda cha tatu, mtoto wa mwanamke wa Rutshuru, muhuri. Alikuwa anamenya viazi. Hakuacha kumenya.

“Nilijua,” akasema.

“Ulijua nini?”

“Kama hasikie. Kabla koko ajue. Ile mvua kubwa, radi ilipiga, bati zikalia, mutoto iko ananyonya tu. Hata jicho hakufungua. Alikuwa na mwezi mumoja.”

Nikamuuliza kwa nini basi alibeba fishi kwenye maombi. Akaweka kisu chini, akanitazama kwa mara ya kwanza.

“Dada, ungelikuwa mimi? Bwana yangu alikuwa anasikia mama yake tu. Chakula, mama yake. Nguo, mama yake. Na ninyi, ninyi wote, munaniambia niliolewa vibaya. Kisha nazaa kiziwi. Wangesema ni tumbo langu. Ile karatasi yako ilinisaidia. Aksanti.”

Kisha akanimiminia chai. Akaweka sukari mbili kama ninavyopenda. Akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, nisimharibie nyumba sasa. Bwana amerudi kuwa bwana. Akijua mama yake hakuwa na kosa atamfuata kisiwani, na yeye atabaki peke yake na Ansima. “Nyamaza tu,” akasema. “Unajua kunyamaza.”

Nilikunywa chai yote, Masika. Nilienda pale kuungama, nikashukuriwa. Sijawahi kupewa adhabu inayouma kama ile shukrani. Na njiani nikirudi nilianza kufikiri kwamba pengine ana haki, kwamba jambo limeshapoa, kwamba wawili tukijua na kunyamaza ni sawa na hakuna anayejua. Nilifika hadi mlangoni kwetu na wazo hilo na lilikuwa tamu. Ndivyo lilivyo kila mara. Uongo haukuja kwangu hata siku moja ukiwa na sura mbaya. Ulikuja ukiwa na sura ya mama anayelia kitandani anayetaka kwenda nyumbani, na ya mdogo wangu ninayempenda. Utaziona zote mbili huko uendako, tena si wiki ya kwanza. Wiki ya kwanza utakuwa mwaminifu, kila mtu huwa mwaminifu wiki ya kwanza.

Kuna jambo ambalo hukuniambia na mimi nalijua. Kituo mlichopangiwa Idjwi kiko upande ule ule alikorudi Koko Nabintu. Ulipoona jina la kituo kwenye orodha uliikunja karatasi. Anaishi kwa mtoto wa dada yake. Habari zilimtangulia kutoka Goma, habari hazihitaji boti. Nimesikia kutoka kwa wanawake wanaoleta mananasi pale Kituku kwamba hakuna anayempa mtoto kubeba. Mwanamke aliyelea saba, na mama akimwona njiani anamfunika mtoto wake uso. Kisimani anachota wa mwisho. Na kesho wewe utashuka huko na simu ile ile, utawaambia wamama wale wakuletee watoto wao uweke kitu masikioni mwao. Watakuuliza, na watakuwa na haki kukuuliza: kwani si simu hii iliyosema yule mtoto wa Goma anasikia, kabla bibi hajamfunga masikio?

Utajibu nini? Ukisema simu haikosei, unamzika yule mzee mara ya pili. Ukisema simu ilikosea, hawatakuletea mtoto hata mmoja, na Ansima mwingine atakua huko akichapwa kwa ukaidi. Simu haikukosea. Ilisema machungwa mara nne. Nilikosea mimi, na jibu hilo siwezi kukubebesha uliseme peke yako.

Kwa hiyo nakwambia ambacho sijamwambia mtu. Ulidhani kesho nakusindikiza mpaka ufukweni. Nimekata nafasi mbili kwenye boti. Nitapanda na wewe, nitaenda hadi kwa yule mzee, mchana, watu wakiwepo, kwa sababu alitukanwa mchana watu wakiwepo. Nitasema nilichofanya, kwa jina langu. Hii si toba ya kupendeza. Naogopa, nimeweka kalamu chini mara tatu tangu nianze kuandika. Anaweza kunitemea mate. Wajukuu zake wanaweza kunipiga mawe, na huko hakuna atakayenifuata na kandambili. Nikirudi Goma nitaipeleka rejista kwa daktari mkuu, na tutawatafuta wale watoto wote niliowaandikia sikio la mwenzao, mmoja mmoja, wale ambao bado wanaweza kupatikana. Kazi nitaipoteza. Kavira nitampoteza, nimepita tena kwake baada ya chakula cha mchana kumwambia kwamba sitanyamaza, na safari hii hakunipa chai. Alifunga mlango, na Ansima akachungulia dirishani, akainua mkono, akaushusha.

Papa Ansima ataniuliza kitu kimoja tu: siku ile, mama yangu alipokuomba useme, ulikuwa unajua? Nitamwambia nilikuwa najua.

Nilianza barua hii asubuhi kichwani nikiwa na ombi moja kwako. Nilitaka kukuomba kesho tukae mbali katika boti, wewe mbele na mimi nyuma, na tukishuka upite njia yako kama hunijui, ili aibu yangu isiguse kazi yako siku ya kwanza. Niliona ni upendo. Nilipofika kuliandika hapa nikaona ni kile kile: ningekuwa nakuomba uweke jina moja na kuonyesha mtu mwingine. Kazi yako ya kwanza ingeanza kwa sikio la kuazima, na mimi ndiye ningekuwa nimekuazimisha.

Kwa hiyo sikuombi hivyo. Kaa popote unapotaka. Ukitaka kukaa mbali nami kwa sababu ya hasira, kaa, una haki, wala sitakugeukia. Lakini wakikuuliza yule mwanamke anayelia mbele ya Koko Nabintu ni nani, Masika, uwaambie ni mama yako. Uwaambie ndiye aliyedanganya. Halafu unawe mikono, uwaite wakuletee mtoto wa kwanza.

Mama yako